Kiti cha Mbele

Mji wetu ni wa waja leo,
ofisi yao ni ya njoo kesho.
Mara ya nne hii naegesha baiskeli ya marehemu baba
kwenye ukuta wa Chumbageni uliobabuka chokaa,
nafungua pindo la kanga, natoa bahasha ya kaki:
cheti cha kuachishwa jeshi, picha mbili za pasipoti,
barua ya mtendaji yenye muhuri uliokolea upande mmoja,
na karatasi ya shule ya bweni ya mwanangu Mwanatumu.
Ada, godoro, ndoo, jembe na mpini wake,
vyote vimepigwa chapa, havina huruma.

Nilisikia uko mfuko.
Kila askari aliyekwenda Kagera, nafasi moja:
mtoto wake, au mjukuu, au mwenyewe akitaka,
asome hadi kusoma kuishe.
Habari hii niliipata kwenye hitima,
kwa mtu aliyekuwa akitafuna mfupa.
Niliacha sahani yangu nzima.

Leo karani ana mafua.
Jina la askari?
Koplo Mbwana Semkiwa.
Namba?
Naitaja bila kutazama. Tuliilalia namba ile,
mama aliitarizi kwenye foronya.
Akapotea nyuma ya makabati, akapiga chafya tatu,
akarudi na jalada lililoliwa na mende pembeni.
Nafasi hii imeshatumika, mama.

Imetumika na nani?
Mwanawe ni mimi peke yangu,
na mimi niliishia la saba, mwaka wa themanini na nne,
nikakodishiwa cherehani barabara ya nane,
nikashona sare za watoto wa watu
mpaka vidole vikasahau kunyooka.

Akanigeuzia jalada. Nadhani haruhusiwi.
Stakabadhi nne, kidato kwa kidato,
ya kwanza, mwaka ule ule wa themanini na nne.
Bhoke Nyamhanga, Tarime.
Sahihi ya kwanza ni ya mtoto,
herufi zimeshikana mikono zisianguke;
ya nne ina mkia wa madaha.

Bhoke nimjulie wapi?
Moyo ulinipeleka pabaya kwanza, siwafichi.
Nilimhesabia baba safari zake,
nikamtafutia mwanamke wa huko Mara,
nikampa na nyumba ya bati.
Kisha, chini ya stakabadhi, karatasi ya daftari,
penseli, mwandiko wa mtu aliyesoma kwa kuibia:

*Afande, Nyamhanga alikuwa anachafukwa na lori.
Aliomba tubadilishane, akae mbele apate upepo.
Nikampisha. Bomu lilikuwa upande ule.
Nafasi yangu mpeni mwanawe.
Mimi yake ninayo.*

Kumbe.
Siku ya harusi ya shangazi, Muheza,
walimwekea heshima ya kukaa na dereva.
Akapanda nyuma, kati ya masufuria,
akashuka suti yote masizi.
Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi,
nikasema ni ushamba.

Karani akafuta pua.
Unaweza kukata rufaa, akasema.
Fomu ni bure, kopi mia mbili.

Sikumjibu. Niliomba kalamu,
nikaandika kwenye kiganja jina na kijiji,
sijui ni kwa kumdai au kwa kumsalimu.
Huenda leo ni mwalimu. Huenda aliolewa kidato kikiisha,
vyeti vikafungiwa sandukuni.
Huenda naye ana binti, na karatasi kama yangu,
na hajui kwamba alisomea kiti cha mtu.

Nilipofika Mkwakwani
jasho la usukani lilikuwa limefuta kijiji.
Jina limebaki.

Mwanatumu yuko mlangoni, haulizi, ananitazama mikono.
Ndoo ninayo.
Jembe ninalo, mpini nitachonga.
Ada sina.